Kigoda cha Milansi na Yaya wa London: Juu ya Mtungaji Asiyetaka Kitabu Chake Kigeuzwe Sinema

Katika masimulizi ya asili ya Ufipa, yaliyosikilizwa na kuandikwa na Roy Willis katika miaka ya 1960, yasemwa kwamba mfalme wa Milansi alikuwa mawindoni siku walipofika wanawake watatu wageni. Mkewe ndiye aliyekuwa nyumbani, na kabla mwenyewe hajarudi mgeni alikuwa amekwisha keti juu ya kigoda cha mfalme. Mfalme aliporejea hakupigana. Aliuachia uzao wa wageni utawala wa nchi, ule ambao baadaye uligawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile. Lakini Milansi yenyewe hakuitoa, wala heshima yake katika mambo ya ibada. Alipokonywa nchi, akabaki na shina lake.

Masimulizi haya yafaa kuwekwa mbele ya kila mjadala unaohusu kitabu kilichogeuzwa sinema, maana katika mageuzo ya namna hiyo swali si kama mwenye kitabu alitoa au alikataa. Swali ni nini alichotoa na nini alichobaki nacho. Na tena, je, alikuwapo nyumbani mgeni alipokaribia kigoda? Jambo hili si geni tena Tanzania. Riwaya ya Adam Shafi, *Vuta N'kuvute*, iliyotoka mwaka 1999, iligeuzwa sinema na Amil Shivji mwaka 2021. Hiyo ni riwaya ya watu wazima. Upande wa vitabu vya watoto, mfano ulio wazi kuliko yote watoka mbali, na wastahili kuchunguzwa na watu wa lugha kwa sababu ugomvi wake, ukitazamwa vema, ulikuwa ugomvi juu ya maneno na kimya.

Kitabu chenyewe ni *Mary Poppins*, kilichotolewa London mwaka 1934. Mtungaji wake alijiita P. L. Travers. Jina alilopewa alipozaliwa Australia mwaka 1899 lilikuwa Helen Lyndon Goff. Baba yake alikuwa mtu wa benki, naye alikufa mwaka 1907. Kitabu chasimulia habari za yaya aletwaye na upepo wa mashariki katika nyumba ya Bwana Banks, aleaye watoto wanne kwa ukali, awapitishaye katika maajabu, kisha akakana kwamba ajabu lo lote limetokea. Walt Disney aliitaka hadithi hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, akaiomba kwa muda wa miaka ishirini na zaidi, na mtungaji akawa akikataa. Mwishoni alikubali kwa malipo ya dola 100,000 pamoja na asilimia 5 ya mapato, na kwa sharti la kuyapitia maandishi ya mchezo. Mwaka 1961 alikwenda California, akakaa na waandishi na watungaji wa nyimbo siku kwa siku, akibishana nao neno kwa neno, na kwa kutaka kwake mazungumzo yakanaswa katika kanda za sauti. Sinema ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi wa Agosti 1964, ikapata tuzo tano za Oscar. Mtungaji aliitazama akitokwa na machozi, kisha akamwendea Disney kumwambia kwamba sehemu ya picha za kuchorwa haina budi kuondolewa. Haikuondolewa.

Wengi wamemhukumu Travers kuwa mwanamke mgumu, mwenye kung'ang'ania mambo madogo. Hukumu hiyo ni nyepesi. Ni kweli kwamba baadhi ya malalamiko yake yalikuwa ya ladha tu, na ladha haina hakimu. Lakini chini ya malalamiko hayo palikuwa na neno moja lenye uzito, na neno hilo laonekana zaidi katika kile ambacho sinema ilikiacha kuliko katika kile ilichokibadili.

Katika kitabu, watoto wawili kati ya wanne ni mapacha wachanga, John na Barbara. Sura nzima ni yao. Katika sura hiyo wachanga wale wanaelewana na upepo, na mwanga wa jua, na ndege ajaye dirishani. Wanasikitika kuona kwamba watu wazima hawasikii lugha hiyo, nao wanaapa kwamba wao hawataisahau. Kisha meno yanaota. Ndege anarudi, anazungumza nao, na wao hawamwelewi tena. Katika nyumba ile yote ni yaya peke yake aliyekua bila ya kuisahau lugha ile.

Sura hii ndiyo ufunguo wa kitabu. Yasema kwamba lugha ya binadamu hununuliwa kwa bei: mtoto apatapo maneno hupoteza usikivu aliokuwa nao kabla ya maneno. Ndiyo maana yaya haelezi kitu. Akieleza, atakuwa amelishusha jambo katika lugha ya wenye meno, na jambo litakuwa limekwisha. Watoto wakubwa, Jane na Michael, hawaachiwi maelezo, huachiwa dalili. Baada ya usiku wa ajabu katika bustani ya wanyama, yaya anakana kwamba walikwenda ko kote. Lakini kiunoni mwake watoto wanaona mshipi wa ngozi ya nyoka, zawadi aliyopewa usiku ule. Dalili ipo, maelezo hayapo, na mtoto asomaye anaachwa katikati ayajaze mwenyewe.

Sinema iliwaondoa mapacha, na pamoja nao ikaondoka sura yao. Mahali pa sura hiyo pakaja wimbo wenye neno moja refu mno, lisilo na maana, ambalo watoto hufundishwa kulitamka. Tena neno hilo si pambo tu katika mpango wa mchezo. Baba afukuzwapo kazi mbele ya wakubwa wa benki hulitamka neno hilo, na kwa kulitamka hufunguliwa: hucheka, hurudi nyumbani, hutengeneza tiara ya mwanawe. Hapa kitabu na sinema vimepeana migongo. Kitabu chasema kwamba neno lipatikanalo lina hasara yake. Sinema yasema kwamba neno lipatikanalo ni ukombozi. Kitabu chamalizika yaya akiondoka na upepo wa magharibi bila ya kuaga, mama akikasirika, watoto wakilia na kubaki na dira na picha mikononi. Sinema yamalizika familia imepatana, na yaya aweza kwenda kwa sababu kazi imekwisha. Kilichokuwa hadithi ya ajabu ipitayo kimekuwa hadithi ya baba aliyetengenezwa.

Haki yataka isemwe kwamba sinema ile si kazi mbovu. Ina umoja wake, nyimbo zake zimeshikamana na mchezo, na hata ukanaji wa yaya haukusahauliwa: baada ya matembezi ndani ya picha, yeye hukana kwa ukali kama ilivyo desturi yake. Mtoto aliyeiona hakuibiwa furaha. Lakini kipimo cha uaminifu katika mageuzo si idadi ya visa vilivyohifadhiwa. Mtu aweza kuhifadhi visa vyote na kukipoteza kitabu. Kipimo kilicho bora ni hiki: je, pale ambapo matini yalinyamaza, mageuzo nayo yalinyamaza? Kwa kipimo hicho Travers alikuwa na haki ya kulia.

Hata hivyo kipimo hicho chamkata mwenyewe pia. Katika chapa ya 1934, sura moja ilikuwa na safari ya kuzunguka pande nne za dunia kwa dira, na humo watu wa mataifa mengine, Waafrika wakiwamo, walichorwa kwa dhihaka, na kusemeshwa Kiingereza kilichovunjwavunjwa. Mwaka 1967 mtungaji aliyalegeza maneno hayo, na mwaka 1981 akawaondoa watu wote wa safari ile na kuweka wanyama badala yao. Mtungaji aliyekataa mkono wa mgeni usiguse kitabu chake alikuja kukigusa mwenyewe, naye alifanya vema. Lakini yafaa kuangalia jinsi alivyofanya. Mwafrika hakupewa ulimi ulio sawa, aliondolewa. Yeye aliyelinda kimya cha wachanga wawili wa London kwa wivu mkubwa hakutambua mapema kwamba kuna watu ambao kitabu chake kiliwanyang'anya lugha.

Jambo hili laelekea moja kwa moja kwenye Ufipa. Travers alipenda kusema kwamba yaya wake hakubuniwa, bali alikuja tu; alijificha nyuma ya herufi mbili za jina, akazipenda hekaya za mataifa, na akatamani kuhesabiwa katika safu ya wasimulizi wasio na majina. Lakini nguvu yake ya kukataa haikutoka katika safu hiyo. Ilitoka katika jina lililopigwa chapa na mkataba uliotiwa sahihi. Wasimulizi wa kweli wasio na majina hawakuulizwa kwa miaka ishirini. Hawakuulizwa hata siku moja. Ngano za Sungura mjanja, ambazo kila kijiji kutoka Sumbawanga hata pwani kinazo za kwake, zina ndugu zake ng'ambo ya bahari, zilizovushwa katika vinywa vya watumwa wa Kiafrika. Joel Chandler Harris alizitia kitabuni mwaka 1880, na kampuni ileile ya Disney ikazifanya sinema mwaka 1946. Hapakuwa na kanda za sauti za bibi mzee akibishana na waandishi neno kwa neno. Kigoda kilikaliwa mwenyewe akiwa mawindoni.

Ngano za Kifipa zimekwisha anza safari yake. Willis alizitolea kitabu Oxford mwaka 1978, katika tafsiri ya Kiingereza. Baadhi ya ngano husimuliwa leo kwa Kiswahili, shuleni na mijini, na kijana wa Sumbawanga mwenye simu ya mkononi ana kamera mfukoni. Kabla ya kamera kufunguliwa, ngano imekwisha pita katika mlango mmoja, nao ni mlango wa kutoka Kifipa kuingia Kiswahili. Kifipa ni lugha ya toni, na Kiswahili sanifu hakina toni ya kutofautisha maneno. Kifipa kina ngeli ya udogo ya *ka-* na *tu-*, ambayo humfanya mnyama wa ngano awe mdogo, wa kupendeza au wa kudharauliwa kwa silabi moja, na Kiswahili hutafuta njia nyingine ya kulisema hilo. Haya si makosa ya Kiswahili. Kiswahili huipa ngano ya Ufipa wasikilizaji wa Lindi na Pemba, ambao isingewapata kamwe. Lakini meno yaotapo, kitu husahauliwa, na mwenye kugeuza yampasa ajue ni kitu gani.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 imezitaja sanaa za mapokeo, na hilo ni jambo jema. Lakini sheria huulinda umbo la ngano, haiwezi kukilinda kimya chake. Kazi hiyo ni ya mwenye kugeuza, na ya mhakiki atakayempima. Mfano wa Travers wafundisha pia kwamba kukataa peke yake hakutoshi. Katika miaka yake ya mwisho aliruhusu hadithi yake ichezwe jukwaani kwa sharti kwamba waandishi wawe Waingereza, na asiwemo mtu wa sinema ile. Alikufa mwaka 1996, na mchezo ulipotoka mwaka 2004 nyimbo za sinema zilikuwamo. Mwaka 2013 kampuni ya Disney ikatoa sinema nyingine, mara hii juu ya ugomvi wenyewe, na humo machozi ya mtungaji yakageuzwa kuwa machozi ya kuguswa moyo. Hata kukataa kwake kulikwisha geuzwa hadithi, tena yenye maelezo.

Basi atakayezichukua ngano za Ufipa kwa kamera na aende kwa msimulizi angali hai na angali nyumbani, asikilize kwa Kifipa kabla ya kusikiliza kwa Kiswahili, na amwulize swali ambalo halikuulizwa California wala Georgia: ni wapi katika ngano hii ambapo wewe hunyamaza? Atakapojibiwa, visa na avitengeneze apendavyo, Sungura na amvike avipendavyo, nyimbo na atie. Pale paliponyamazwa ndipo Milansi ya ngano, napo asiketi.