Mraba, Muda na Mpangilio: Ramani ya Ndege wa Kenya Inavyochorwa

Mtu akilalamika kwamba hondohondo wametoweka kijijini kwao, hakuna haja ya kubishana naye. Muulize tu: ulitafuta wapi, na kwa muda gani? Mvuvi anayerudi na nyavu tupu huulizwa vivyo hivyo kabla ya mtu kutangaza kwamba samaki wamekwisha. Kwa upande wa ndege swali hilo lilikosa jibu kwa miaka mingi, maana watazamaji wengi huandika walichokiona na kuacha kuandika walivyokitafuta.

Mradi wa Kenya Bird Map, ulioanza mwaka 2013, umejengwa ili kuziba pengo hilo. Umo mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na washirika wake, wakiwemo Nature Kenya na A Rocha Kenya, lakini data yenyewe huletwa na watu wa kawaida wenye darubini shingoni na simu mfukoni. Wengi husifu programu ya simu ya BirdLasser, inayonasa mahali na wakati kila unapoandika jina la ndege. Ni chombo kizuri. Hata hivyo, thamani ya ramani hii inatokana na kanuni tatu ambazo hata mwenye daftari na kalamu angeweza kuzifuata.

Kanuni ya kwanza ni mraba. Nchi nzima imegawanywa kwa gridi ya dakika tano za latitudo kwa dakika tano za longitudo. Karibu na ikweta uzi (digrii) mmoja ni takriban kilomita 111, na uzi una dakika 60, kwa hiyo kila upande wa mraba unafika kilomita 9 na kitu. Kwa eneo la nchi la takriban kilomita za mraba 580,000, hesabu inatoa miraba kama 6,800. Makumbusho ya Nairobi, kwa mfano, yamo katika mraba ambao kona yake ya kaskazini-magharibi iko nyuzi 1 na dakika 15 kusini, nyuzi 36 na dakika 45 mashariki. Mtazamaji hachagui mipaka. Akivuka mstari, anafungua orodha nyingine.

Udogo wa mraba ndio unaoleta tofauti. Atlasi ya ndege wa Kenya ya Adrian Lewis na Derek Pomeroy, iliyochapishwa mwaka 1989, ilitumia miraba ya nusu uzi, yaani kilomita 55 hivi kila upande. Mraba mmoja wa aina hiyo unakusanya Limuru yenye baridi na misitu, vilima vya Ngong, jiji la Nairobi na Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Alama ya ndege humo haisemi kama alikuwa msituni au nyikani. Kwenye gridi ya sasa eneo hilohilo limegawanyika vipande 36, na kwa kuwa vipande hivyo vinajumlishwa tena bila kubaki mabaki, mtafiti anaweza kuirudia ramani ya 1989 na kulinganisha.

Kanuni ya pili ni muda. Utaratibu huu uliazimwa Afrika Kusini, ambako mradi wa pili wa atlasi ya ndege ulianza mwaka 2007. Orodha kamili hudai angalau saa mbili za kutazama kwa bidii, huku mtazamaji akijitahidi kufika kila aina ya mazingira iliyomo ndani ya mraba: shamba, kijito, kichaka, mtaa wa nyumba. Baada ya hapo anaweza kuendelea kuongeza spishi hadi siku tano, kisha anaanza upya. Kila spishi huandikwa mara moja tu, iwe imeonekana au imesikika. Orodha zisizotimiza saa mbili hupokelewa pia, ila huwekwa kando zisichanganywe na zile kamili.

Sharti hilo la muda ndilo linalofanya kutoonekana kwa ndege kuwe na maana. Tuseme mraba una orodha kamili 20, na kwarara yumo katika 16. Kiwango chake ni asilimia 80. Sasa tuchukue ndege mwingine aliyezoeleka katika nusu ya orodha. Akikosekana katika orodha nne mfululizo, huenda ni bahati mbaya tu, kwani jambo hilo hutokea mara 1 kati ya 16. Akikosekana katika orodha kumi, bahati peke yake ingelifanya hivyo mara 1 kati ya 1,024. Hapo kuna jambo la kuchunguzwa, mradi watazamaji walikwenda msimu uleule na kwa bidii ileile.

Lakini kiwango hicho si hesabu ya ndege. Kundi la kwelea elfu kadhaa na kunguru mmoja juu ya paa hupata alama sawa. Kunguru wa mtaa wakipungua kutoka 200 hadi 100, bado kila mtazamaji atamwona angalau mmoja, na kiwango hakitatikisika. Anayesoma ramani hii kama sensa anajidanganya.

Kanuni ya tatu, mpangilio, inasaidia kidogo hapo. Spishi huandikwa kwa mfuatano wa zilivyotokea, na kila saa inapokwisha idadi hurekodiwa. Tuchukue mtazamaji aliyepata spishi 38 saa ya kwanza, mpya 14 ya pili na 3 ya tatu: mraba wake umekaribia kumalizika siku hiyo. Mwenzake aliyepata 20, kisha 18, kisha 15, bado anapanda, na orodha yake haijakamilika hata kama ina majina mengi. Mfuatano nao unasema kitu. Ndege aliyekuwa akiandikwa miongoni mwa watano wa kwanza, akaanza kutokea wa thelathini au arobaini, anatoa tahadhari kabla hajakosekana kabisa.

Kanuni zote hizi zinamtegemea mtu anayejua anachokisikia. Shorewanda huimba mbele ya kila mtu, ila ndege wengi wa vichakani hutambuliwa kwa sauti tu, na asiyejua sauti huandika nusu ya mraba. Ndiyo maana matembezi ya kutazama ndege ya Jumatano asubuhi, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno jijini Nairobi mwaka 1971, yana uzito zaidi katika ramani hii kuliko simu yoyote: yamefundisha vizazi vya masikio. Rekodi isiyotarajiwa nayo huulizwa maswali kabla ya kukubaliwa.

Udhaifu mkubwa uko katika miguu ya watazamaji. Watu huenda kwenye barabara nzuri na ndege wengi, hivyo miraba ya Nairobi, ya Bonde la Ufa na ya pwani imejaa orodha, huku sehemu kubwa za kaskazini na kaskazini-mashariki zikiwa na chache au bila hata moja. Saa nazo zina upendeleo: asubuhi imetazamwa sana, usiku kidogo, na bundi ndio wanaopunjwa. Na msimu vilevile. Mbayuwayu wa Ulaya wako kwetu takriban kuanzia Oktoba hadi Aprili, kwa hiyo orodha kumi za Julai hazithibitishi lolote juu yao.

Dosari hizi hazirekebishwi na mgeni anayepita mara moja kwenda Baringo na kurudi na orodha ndefu ya kujivunia. Zinarekebishwa na mkazi wa Kitengela, Wajir au Bungoma anayetazama mraba wake wa nyumbani, wenye dampo, bwawa la ng'ombe na mashamba ya mahindi, mwezi baada ya mwezi. Orodha yake ya kwanza haitamshangaza mtu. Ya kumi na mbili itakuwa imeshika mwaka mzima, na kuanzia hapo akisema hondohondo wametoweka, atakuwa na hesabu ya kuonyesha.