Mswada Uliorudishwa Mara Mbili

Giuseppe Tomasi di Lampedusa aliandika riwaya moja tu, nayo hakuiona kitabuni. Alikuwa mwinyi wa Palermo, katika kisiwa cha Sisilia, aliyebakiwa na cheo kuliko mali. Kasri la wazee wake lilibomolewa kwa mabomu mwaka 1943. Alianza kuiandika *Il Gattopardo* mwishoni mwa mwaka 1954, akikaribia miaka 58. Binamu yake, Lucio Piccolo, alikuwa amesifiwa ushairi wake na Eugenio Montale, naye akajiona si mjinga kuliko binamu. Wivu wa namna hiyo sisi watu wa malumbano hatuna haja ya kufafanuliwa.

Mwaka 1956 mswada ulipelekwa kwa Mondadori, Milano. Ukarudishwa Desemba. Ukapelekwa kwa Einaudi, Torino, nako ukarudishwa, kwa barua ya mwanzo wa Julai 1957 iliyoandikwa na Elio Vittorini. Tarehe 23 ya mwezi huo huo Lampedusa alifariki Roma kwa saratani ya mapafu. Novemba 1958 Giorgio Bassani aliitoa riwaya ile kwa Feltrinelli, na mwaka 1959 ikapata tuzo ya Strega.

Aghalabu kisa hiki husimuliwa ili kumcheka Vittorini. Mimi simcheki. Alikuwa mtunzi hodari, naye pia mzaliwa wa Sisilia, na alichokitafuta ni riwaya mpya kwa umbo na kwa siasa. Mbele yake pakaja kitabu cha mwendo wa taratibu, kinachomfuata mwinyi wa mwaka 1860 anayeutazama utawala wa zamani ukianguka huku yeye akizihesabu nyota kwa darubini. Vittorini alikiona kimepitwa na wakati, tena sehemu zake hazina mizani. Wanaokumbuka mabishano yetu ya miaka ya 1970, pale Kezilahabi alipotoa *Kichomi* (1974) na wenye arudhi wakakikataa, watatambua kosa lile lile limegeuzwa juu chini: msomaji anashika kipimo cha kundi lake, kisha anapima kwacho kitu kilichofumwa kwa uzi mwingine.

Hata hivyo kuhusu mizani hakukosea sana. Sura ya Padri Pirrone, anayekwenda kijijini kwao kusuluhisha ugomvi wa jamaa, imekaa pembeni kama ubeti ulioletwa kutoka shairi jingine. Ningekuwa mhariri ningeiuliza maswali.

Lakini sura hiyo, pamoja na ile ya karamu ya dansa, ziliandikwa baada ya mswada wa kwanza kwenda kwa Mondadori, na hapa ndipo pananigusa. Tukizungumzia ustahamilivu wa mtunzi, huwa tunamwazia akibisha mlango baada ya mlango. Lampedusa hakuwa hodari wa kubisha. Waliompelekea mswada ni jamaa na marafiki. Yeye alirudi kuandika. Angaliuona mswada umekwisha kwa kuwa umepelekwa, tusingalipata karamu ile, ambamo Don Fabrizio anajitenga maktabani, anaitazama picha ya mzee anayekata roho, anayawaza mauti yake bila hofu, kisha anaitwa kucheza na Angelica, mchumba wa mpwa wake, na anacheza vizuri. Sijui ukurasa mwingine wa riwaya uliokiweka kifo karibu hivyo na ngoma pasipo kupandisha sauti.

Msomaji wa visiwani atapata mengine. Kuna kura ya maoni ambayo Ciccio Tumeo anapiga “la”, na matokeo yanaposomwa hakuna “la” hata moja. Sitaongeza neno. Na yafaa riwaya hii isomwe sambamba na *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya Adam Shafi (1978): Shafi anamtazama mwinyi kwa macho ya wanaomtumikia, Lampedusa anaitazama dunia kutoka dirishani kwa mwinyi. Kijakazi wa Shafi, anayempenda bwana asiyestahili, angaliwafunza watu wa Don Fabrizio mambo ambayo mwandishi wao hakuyaona.

Katika wosia wake Lampedusa aliomba juhudi zifanywe kitabu kichapishwe, ila si kwa gharama za warithi. Hilo aliliona fedheha. Sikubaliani naye. Huku kwetu diwani ngapi tungezikosa kama watunzi wasingetoa fedha zao mfukoni?

Mimi nimeifasiri sura ya kwanza na ya karamu, kupitia Kiingereza, kamusi ya Kitaliano ikiwa ubavuni. Mchapishaji mmoja alizirudisha, akisema wasomaji wetu hawana haja na mwinyi wa Kizungu. Nimeanza sura ya pili. Kinachonikwamisha ni jina la kitabu. Kiingereza kimesema chui, nasi Unguja tukisema chui watu huwaza chui wa kufugwa na wachawi. Tena *gattopardo* hasa si chui. Ni mnyama mdogo kuliko yeye, mwenye miguu mirefu na madoa, ambaye Waswahili wa bara wanamwita mondo. Je, mwinyi akubali kuitwa Mondo? Kwa sasa juu ya daftari nimeandika majina yote mawili, kwa penseli.