Istilahi za Kivinjari: Jina la Kitu na Kazi ya Kitu

Istilahi mpya hukaguliwa mara nyingi pale inapozaliwa, yaani katika orodha, na mara chache pale inapofanyia kazi. Katika makala haya tunakusudia kuzikagua istilahi chache zikiwa kazini, kwenye menyu za kivinjari, ile programu tunayoitumia kufungulia tovuti. Tumeuchagua uwanja huu kwa sababu mwalimu, mtafsiri na mtumishi wa serikali hukaa mbele ya kivinjari karibu kila siku ya kazi. Ndani ya programu hiyo mna vyombo vingi ambavyo havidai malipo wala havihitaji kuongezwa kutoka nje, lakini aghalabu havitumiki, na vingine hutumika kwa imani isiyo sahihi. Hoja yetu ni kwamba sehemu ya lawama iko katika majina. Mtafsiri wa menyu anapokuwa mwaminifu kwa jina la kigeni badala ya kuwa mwaminifu kwa kazi ya kitu chenyewe, mtumiaji ndiye anayelipa gharama.

Kwa ajili ya uhakiki huu tutazigawa istilahi hizo katika mafungu matatu: zinazoangaza, zilizo bubu, na zinazopotosha.

1. Istilahi zinazoangaza

Neno kivinjari lenyewe ni mfano mzuri. Kitenzi vinjari kilikuwapo kabla ya kompyuta, na kilisemwa hasa juu ya chombo kinachozungukazunguka baharini kwa doria au kwa kutafuta. Mwenye kujua maana hiyo hahitaji somo refu ili aelewe kwa nini programu ya kuzunguka katika wavuti imepewa jina hilo. Wengi husema pia kuperuzi, neno lililokopwa, na hakuna haja ya kuligombeza. Hata hivyo kuvinjari kuna faida moja zaidi: kinazaa. Kutokana nacho tumepata kivinjari na uvinjari bila kuisumbua sarufi.

Vivyo hivyo kupakua na kupakia. Kupakua ni kazi ya kuli bandarini ashushapo shehena, na ni kazi ya mpishi jikoni atoapo chakula chunguni na kukitia sahanini. Kupakia ni kinyume chake. Tofauti ya maneno haya mawili imo katika muundo wa lugha yenyewe, kwa ile kauli ya kutendua tuliyoizoea katika ziba na zibua. Kwa hiyo mtumiaji akiliona neno vipakuliwa kwenye menyu, anatambua kwamba hapo ndipo yalipo mafaili aliyoyateremsha. Alamisho nalo, kutokana na alama, na nenosiri, ni maneno yanayojieleza. Watafsiri waliohusika wanastahili pongezi.

2. Istilahi zilizo bubu

Katika kivinjari mtu anaweza kufungua kurasa kadhaa ndani ya dirisha moja na kuzipitia kwa zamu. Kila moja ya nafasi hizo huitwa kichupo. Wasikiaji wengi wa neno hili hufikiria chupa ndogo, na wengine kitenzi chupa, yaani ruka. Maana zote mbili hazimsaidii mtu kuelewa kitu anachokiona. Lakini pia hazimdhuru. Neno bubu hufundishwa mara moja, kwa kuonyesha kwa kidole, na baada ya hapo matumizi hulipa maana. Neno kompyuta nalo lilikuwa bubu kwa aliyelisikia mara ya kwanza, na bado limestahimili mbele ya tarakilishi, ambalo linajieleza zaidi. Istilahi ya namna hii tuiache iendelee na safari yake.

Zipo pia istilahi zilizo wazi, lakini wazi kwake hakutoshi mpaka mtumiaji atie ujuzi wake wa lugha. Tuchukue amri ya kutafuta ndani ya ukurasa, inayopatikana katika kompyuta nyingi kwa kubonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na herufi F. Jina lake halina utata. Hata hivyo chombo hiki hulinganisha herufi tu. Hakijui ngeli wala unyambuaji. Anayetafuta «kitabu» hatapata «vitabu». Mtafsiri anayesoma sheria ndefu, na anayetaka kuona kila mahali dhana fulani ilipotajwa, hana budi kutafuta kwa shina na si kwa neno zima. Akiandika «tafsir», atapata tafsiri, mtafsiri, watafsiri na zilizotafsiriwa kwa mkupuo mmoja. Akiandika «tabu», atapata kitabu na vitabu, pamoja na mara chache tabu yenyewe. Hili ni jambo ambalo maelezo ya Kiingereza hayataji, kwa kuwa Kiingereza hakibadilishi mianzo ya maneno yake kama sisi. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kulifanya somo zima la mofolojia kwa chombo hiki kimoja.

3. Istilahi zinazopotosha

Hapa ndipo ulipo uzito wa makala haya.

(a) Dirisha fiche. Mwaka 2005 kivinjari cha Safari kilitoa namna ya kuvinjari ambayo haiachi kumbukumbu katika kompyuta. Chrome ilipotolewa mwaka 2008 ilikuja na chombo cha aina hiyo, na ikakipa kwa Kiingereza jina lenye maana ya mtu asiyetambulikana. Katika Chrome ya Kiswahili tunasoma hali fiche na dirisha fiche. Tukilinganisha neno kwa neno, mtafsiri hana kosa: kilichofichika ni fiche. Lakini tukilinganisha jina na kazi, kosa linaonekana mara moja.

Kazi ya dirisha hilo ni hii. Mtumiaji akiisha kuyafunga madirisha yote ya namna hiyo, kivinjari hakiweki orodha ya kurasa alizozitembelea, wala vidakuzi, wala maneno aliyojaza katika fomu. Basi. Mafaili aliyopakua hubaki, na alamisho alizoweka hubaki. Tovuti alizozifungua zilimwona. Mtoa huduma ya intaneti anaweza kujua ni tovuti zipi alizozifikia, na msimamizi wa mtandao wa ofisi vilevile. Kwa ufupi, kilichosahau ni kompyuta iliyo mezani. Wengine wote wana kumbukumbu zao.

Kwamba jina laweza kumpotosha mtu si dhana tupu. Mwaka 2020 baadhi ya watumiaji walifungua shauri dhidi ya Google katika mahakama ya shirikisho huko California, wakidai kwamba taarifa zao zilikusanywa hata walipokuwa katika hali hiyo. Mwaka 2024 masharti ya mapatano yaliwasilishwa mahakamani. Kampuni ilikubali kuharibu kumbukumbu nyingi au kuziondolea utambulisho, na kuyaandika upya maelezo yanayoonyeshwa mtu afunguapo dirisha hilo. Kwa hiyo maelezo yalirekebishwa. Jina, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, lilibaki vilevile.

Tunapendekeza dirisha sahaulifu. Sifa sahaulifu tunayo tayari, na kila mtu anamjua msahaulifu. Inaeleza kitendo halisi, yaani kusahau, na inamtaja mwenye kukitenda, yaani dirisha. Haimwahidi mtumiaji kwamba yeye amefichwa. Dirisha la faragha, linalopendelewa na baadhi ya watu, lina dosari ileile ya fiche, kwa sababu faragha ni ahadi juu ya macho ya watu wote. Isitoshe, jina la kusahau linaonyesha mahali chombo hiki kinapofaa: kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi ofisini au shuleni, au pale mtu anapotaka kuona ukurasa wa idara yake unavyoonekana kwa mwananchi ambaye hajaingia kwa nenosiri.

(b) Kidakuzi. Hiki ni kijisehemu cha taarifa ambacho tovuti hukiweka katika kivinjari ili iweze kumtambua mtumiaji arudipo. Kilibuniwa katika kampuni ya Netscape mwaka 1994, na jina lake la Kiingereza ni la kitafunwa, lisilomweleza msikiaji chochote. Watafsiri wetu walikataa kutafsiri kitafunwa, na wamefanya vyema. Walikwenda kwa mdakuzi, mtu anayedaka maneno ya wenzake na kuyatoa. Hapa Kiswahili kimesema mengi kuliko Kiingereza, na pengine mengi mno. Kidakuzi kinachokumbuka kwamba msomaji alichagua Kiswahili, au kwamba amekwisha kuingia katika akaunti yake, ni mtumishi wake. Kidakuzi cha mtu wa tatu, kinachomfuata kutoka tovuti moja hadi nyingine, ndicho kinachostahili jina hilo. Zaidi ya hayo, kidakuzi na mdukuzi vinatofautiana kwa sauti chache tu, na si ajabu mwanafunzi akavichanganya.

Je, tulibadilishe? Hapana, limekwisha kuenea, na kitu kimoja hakifai kupewa majina mawili kwa kadiri ya tabia yake. Lakini tangazo la vidakuzi lisiishie kwenye neno hilo na kitufe cha kukubali. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ridhaa inayozungumzwa katika sheria za namna hii haina maana ikiwa anayeridhia hakuelewa. Kila idara inayoandika tangazo kwa Kiswahili itaje kidakuzi ni cha nani, kinakumbuka nini, na kwa muda gani. Sentensi tatu zinatosha.

(c) Chapisha. Amri ya kutoa ukurasa kwenye karatasi imeandikwa Chapisha. Katika mitandao ya kijamii, neno hilohilo limeandikwa kwenye kitufe cha kutangaza andiko hadharani. Mtumishi mwenye waraka wa siri mbele yake hana kosa akisita. Ajabu ni kwamba lugha yetu ilikwisha kuyatenganisha mambo haya: tuna mpiga chapa na tuna mchapishaji, na kila mtu ana kazi yake. Menyu ya kivinjari na iandike Piga chapa. Na kwa kuwa ndani ya amri hiyo ndimo mnamopatikana uwezo wa kuhifadhi ukurasa mzima kama faili la PDF, bila karatasi wala wino, afadhali uwezo huo utajwe wazi kwenye menyu badala ya kufichwa nyuma ya mashine ya kuchapia.

4. Pingamizi na mapendekezo

Itasemwa kwamba istilahi iliyokwisha kuzoeleka haifai kuguswa. Kwa istilahi bubu tunakubali kabisa. Kwa istilahi inayopotosha, mazoea ndiyo hatari yenyewe: kadiri watu wanavyoizoea, ndivyo wanavyozidi kuiamini. Itasemwa pia kwamba makampuni ndiyo yanayoamua. Ni kweli kwamba yanaamua juu ya menyu zao, lakini hayaamui juu ya vitabu vya shule, miongozo ya ofisi wala kamusi zetu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, tangu vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilipoanza kutolewa mwaka 1974, orodha zetu za istilahi zimejengwa aghalabu kwa safu mbili, neno la kigeni na neno la Kiswahili. Kwa istilahi za kompyuta iongezwe safu ya tatu, inayoeleza kitu kinafanya nini na hakifanyi nini. Mtunzi wa istilahi akilazimika kuijaza safu hiyo kabla ya kuchagua neno, dirisha fiche lisingepita. Pili, kabla ya istilahi kusanifishwa, ipelekwe kwa watu wachache wasiojua Kiingereza, waambiwe neno peke yake, kisha waulizwe wanatarajia kitu hicho kifanye nini. Majibu yao ndiyo mtihani.

Wasomaji walio na neno lililo bora kuliko dirisha sahaulifu wanakaribishwa kuliandikia jarida hili, na waeleze pia kazi ambayo neno lao linaitaja.