Junio Hamano na sanaa ya kusema "bado"

Aprili 2005, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliweka kando kazi ya kiini cha mfumo huo kwa muda, akaandika chombo cha kutunza historia ya msimbo. Kile alichokuwa akikitumia, BitKeeper, kilikuwa kimeondolewa leseni yake ya bure. Chombo kipya akakiita Git, na Julai mwaka huohuo akamkabidhi usimamizi wake Junio Hamano, Mjapani aishiye California.

Kisa cha kuzaliwa kwa Git husimuliwa sana. Mimi huvutiwa zaidi na miaka ishirini iliyofuata, ambayo Hamano ameimaliza akipokea kazi za watu asiowaajiri, na wengi wao hajapata kuonana nao uso kwa uso. Hana amri juu yao. Mtu ametoa jioni zake kurekebisha hitilafu. Ukimfukuza kwa ukali harudi, na ukipokea kila kinacholetwa, programu inaharibika.

Kila kazi mpya inayopokelewa hupewa tawi lake, yaani njia ya mabadiliko iendayo kando na nyingine, na jina la tawi huanza na herufi za mwanzo za jina la aliyeileta. Kwanza huunganishwa katika tawi liitwalo seen: msimamizi ameiona, basi, hajaahidi kitu. Ikishapitiwa na wenzake na kuonekana inafaa, huingia tawi la next, ambako hukaa kwa kawaida wiki nzima au zaidi, ili wanaothubutu waitumie katika shughuli zao za kila siku. Ikistahimili, ndipo hupelekwa master, tawi kuu. Kwa mpango huu jibu "bado" linabeba maana kamili, kwa sababu kila mtu anajua kazi yake imesimama wapi na imebakiza nini.

Tawi la seen hubomolewa na kujengwa upya mara kwa mara, kazi moja baada ya nyingine zikiunganishwa juu ya master. Nyingi hugusa mistari ileile, zikagongana, na anayeunganisha hulazimika kuamua mstari upi ubaki. Kuamua ugomvi uleule kila siku kunachosha, kwa hiyo mwaka 2006 Hamano aliandika rerere, zana inayokumbuka uamuzi wa jana na kuurudia yenyewe. Hapa ndipo ninapomwona fundi. Adha ya meza yake aliigeuza kuwa kifaa kilichomo leo ndani ya Git ya kila mtu, hata ya yule asiyejua kwamba kipo.

Kisha kuna taarifa yake kuhusu "kinachopikwa", ambayo amekuwa akiitoa tena na tena kwa miaka mingi. Kila tawi hutajwa humo: linahusu nini na lini liliunganishwa wapi. Chini yake huwekwa neno fupi la hatima: litaingia next, linamsubiri mwandishi alete sura mpya, linahitaji wa kulipitia, limekwama. Ni uandishi mkavu, na naupenda kwa ukavu wake. Aliyekwama anaambiwa kwamba amekwama, bila kudhalilishwa, na mwenzake anayesoma anaweza kujitokeza kumsaidia. Mabadiliko ya Hamano mwenyewe nayo huwekwa mbele ya wenzake yachambuliwe.

Na maelezo yanayoambatana na msimbo hayapewi nafasi ndogo kuliko msimbo wenyewe. Mwandishi anatakiwa aeleze kwanza tatizo lilivyo, ndipo aseme analitatuaje. Msimbo safi wenye maelezo yasiyoeleweka unaweza kurudishwa, kwa ajili ya mtu atakayeusoma miaka kumi baadaye akijiuliza kwa nini mstari huu upo.

Toleo jipya hutoka kila baada ya miezi miwili hadi mitatu. Linapokaribia, mambo mapya husubiri na mkazo huwa kwenye kurekebisha hitilafu. Likishatoka, next hujengwa upya juu ya master, na matawi ambayo hayajaiva huweza kutolewa ili wenyewe wayaandike tena kwa unadhifu. Nafasi hiyo ni ya thamani, kwa maana historia ya master haiandikwi upya.