Linachemshia Wapi?

Fundi mzuri wa magari utamjua kwa swali lake la kwanza. Gari limesukumwa hadi kivulini, mvuke unafuka kwenye boneti, abiria wameshuka na mizigo yao, na kila aliyesimama pale ana jina la ugonjwa: rejeta imeziba, hedi imekufa, pampu imekwisha. Fundi mzuri anawaacha waseme. Kisha anamgeukia dereva na kumuuliza linachemshia wapi. Mlimani likiwa na mzigo? Barabarani kwa mwendo? Au likiwa limesimama tu, sailensi? Hajashika spana bado, na tayari amekwisha kuweka kando mambo mengi ambayo fundi mwingine angeyafungua moja baada ya jingine kwa gharama ya mwenye gari.

Swali hilo lina uzito wake Mnazi. Mnazi iko chini ya milima, upande wa kaskazini wa Usambara Magharibi, katika bonde la Umba lenye mashamba ya mkonge, nyika ya Mkomazi ikiwa jirani. Kiutawala ni Lushoto ile ile inayosifika kwa baridi, ukungu na matunda. Kwa injini ni nchi mbili. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Gari hutoka huko asubuhi madirisha yamefungwa, likapita Mlalo, likateremka kona kwa kona hadi bondeni, na saa sita mchana likawa limesimama Mnazi likingoja abiria wajae. Dereva hazimi injini, pengine kwa sababu betri imechoka. Mshale wa joto unapanda. Siku ya pili gari lile lile linanguruma Lushoto saa nzima, mshale katikati, na mwenye gari anaamini kwamba fundi wa bondeni alitaka kumuuzia spea.

Fundi wa bondeni hakudanganya. Rejeta hutoa joto kwa kadiri ya tofauti iliyopo kati ya maji yaliyomo na hewa inayoipitia. Tuseme maji yana nyuzi 90 na hewa ya asubuhi Lushoto nyuzi 18: tofauti ni 72. Hewa ya bondeni ikifika nyuzi 35, inabaki 55. Karibu robo ya uwezo wa kupoza imepotea na hakuna kilichoharibika. Ndiyo maana feni iliyochoka inaweza kuishi mlimani muda mrefu bila kujulikana, na ikaumbuka siku ya kwanza ya kushuka.

Gari likienda, upepo wa mwendo huingia wenyewe kwenye rejeta. Likisimama, kazi yote huangukia feni. Jambo hili lilijulikana mapema sana. Wilhelm Maybach alipounda Mercedes ya nguvu za farasi 35, iliyotoka mwaka 1901, aliipa rejeta ya vijimirija zaidi ya 8,000 vilivyopangwa mfano wa sega la nyuki, na nyuma yake akaweka feni ili gari lipoe hata likienda polepole. Fundi wa Mnazi anaifuata hoja ile ile kwa kuianzia mwishoni: linapoa likienda, linachemsha likisimama, basi yaelekea maji yanazunguka na rejeta ina uwezo wake. Kinachokosekana ni hewa.

Sasa anawasha injini, anafunga boneti, na anangoja. Hapo ndipo ninapouheshimu ufundi huu kuliko mahali pengine popote. Boneti ikiachwa wazi joto hutoka juu, na gari huweza kukataa kuonyesha ugonjwa wake mbele ya mganga. Kwa hiyo linaachwa lichemke kama lilivyochemka stendi, naye amechuchumaa karibu na grili, anasikiliza. Dereva anayemtazama hudhani mtu huyu hana la kufanya. Mshale unapita katikati. Feni ya umeme ilipaswa kuwa imeshawaka. Kimya.

"Kaka, hebu washa AC."

Katika magari mengi AC huiamsha feni hapo hapo. Ikizunguka, mota ni nzima, na kosa litafutwe kwenye sensa ya joto au waya wake. Isipozunguka, anafuata fyuzi, kisha rilei, kisha anapeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye mota aone kama bado ina uhai. Kila hatua inaondoa shaka moja. Habadilishi vitu viwili kwa mpigo, kwa sababu gari likipona hatajua kipi kilikuwa kibovu, na asichokijua leo hakitamsaidia kwa gari la kesho.

Kuna kosa moja linalowapita wengi. Feni inazunguka, tena kwa kelele ya kuridhisha, lakini inazunguka kinyume. Mtu alibadilisha mota akageuza waya, na sasa hewa inasukumwa kwenda mbele badala ya kuvutwa kupitia rejeta. Kipande cha karatasi kinatosha kulifichua: feni iliyofungwa sawasawa hukivuta kikang'ang'ania grili, iliyogeuzwa hukipeperusha.

Land Cruiser za injini ya 1HZ zina namna nyingine. Feni yao inaendeshwa na mkanda kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Hewa itokayo kwenye rejeta inapozidi joto, kibamba cha metali mbili kilicho mbele ya klachi hupinda, njia ya mafuta hufunguka, na feni hushika kasi. Mafuta yakivuja, feni huteleza tu. Fundi huzima injini, huisukuma feni kwa mkono, na ikizunguka mizunguko mingi bila kizuizi, huku katikati yake pamenata weusi wa mafuta na vumbi, amekwisha kupata jibu.

Feni ikiwa nzima bado anazo njia. Huchungulia kati ya kondensa ya AC na rejeta, mahali panapokusanya nyasi, vumbi na mabawa ya wadudu pasipoonekana na anayetazama kwa mbele. Hupima kama maji yamepungua, au hewa imenaswa ndani. Hufikiria pampu ambayo mapanga yake yameliwa na kutu, inayosukuma vya kutosha injini ikikimbia na kushindwa ikiwa sailensi. Kama mapovu hayaishi kupanda kwenye rejeta, anaogopa gasketi ya hedi, na huo ni mjadala mwingine na fedha nyingine.

Mfuniko wa rejeta nao si kizibo tu. Lushoto maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzima, kwa kuyabana maji, huweza kukisogeza kiwango hicho karibu na nyuzi 120. Mpira wake ukikatika, gari humwaga maji hata mshale haujafika pabaya. Fundi mzuri haufungui ukiwa wa moto, hata dereva abembeleze vipi.

Nina neno kuhusu themostati. Desturi ya kuing'oa na kuitupa kila gari linapochemsha inaniuma. Themostati iliyokwama ikiwa imefungwa huchemsha gari likisimama na likienda. Kwa gari linalopoa kwa mwendo, si yeye wa kushukiwa kwanza. Aliyeing'oa amepeleka mlimani injini itakayokimbia na baridi asubuhi nzima, ikila mafuta na kujichakaza, na kasoro ya kweli ameiacha pale pale. Kuiunga feni ipige moja kwa moja naweza kukubali, ikiwa imepewa fyuzi na gari linatakiwa lifike nyumbani. Lakini aifanyaye kazi hiyo lazima amwambie mwenye gari kwamba tiba bado.

Malipo ndiyo yanayonisikitisha zaidi. Tumezoea kulipia chuma kilichobadilishwa. Fundi akishusha hedi siku mbili, tunalipa bila ubishi. Akigundua kwa nusu saa kwamba ni rilei, tunamwambia mbona hujafanya kitu. Nusu saa ile imebeba miaka ya kusikiliza injini, na imemwokoa mwenye gari na hedi ambayo isingeponya chochote.

Rilei ikishawekwa, fundi wa aina hii hatoi gari. Anafunga boneti tena, anawasha, anasubiri feni iwake, izime, na iwake tena chini ya jua lile lile la bondeni. Abiria wanapiga kelele, hawaharakishi. Kisha anampa dereva ufunguo na maagizo:

"Ukifika Lushoto mwambie mzee mwenye gari anunue mfuniko mpya wa rejeta. Huu mpira wake umeanza kukatika."