Mafundi wa Moto Usiounguza

Mchezaji wa gemu akichomoa upanga unaowaka moto wa buluu, macho yake huwa kwa adui. Upanga wenyewe hautazami. Lakini yupo fundi aliyeukeshea moto ule.

Moto huo si video. Ni picha mbili za kijivu, zenye mabaka kama mawingu, zinazoteleza juu ya chuma, moja upesi, nyingine polepole. Zikichanganywa, jicho halitambui zinapojirudia. Kingo za kila picha sharti zishikane. Mshono mmoja ukionekana, uchawi umekwisha. Kisha fundi hutia rangi, huongeza mng'ao pembezoni, na kuujaribu upanga kwenye simu ya bei nafuu.

Hapo ndipo penye jasho. Gemu ya fremu 60 kwa sekunde huipa kila fremu milisekunde 16 na ushei, na humo wamo adui, mvua na vivuli. Matabaka ya moto yanayopitisha nuru yakirundikana, mchezo hukwama. Basi fundi hupima, hupunguza, hupima tena.

Akifaulu, hatajwi. Sisi husema tu kwamba upanga ule ulikuwa hai.