Uhakiki wa Mtungi: Juu ya Kuonja Pombe Katika Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Kila mwanafunzi wa Kiswahili ameifunza methali isemayo: Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Aghalabu walimu huieleza kuwa ni onyo juu ya kiburi, na maelezo hayo ni sahihi. Hata hivyo, methali hii ina upande wa pili usiozungumzwa sana. Mgema hakuharibika peke yake. Waliomharibu ni wanywaji waliomsifu bila kumpima. Kwa hiyo methali yamhusu mhakiki kama imhusuvyo mtendaji. Makala haya yakusudia kuitumia hoja hiyo kuchunguza jambo ambalo ni nadra kuandikwa katika mijadala ya utamaduni wetu, yaani sanaa ya kuonja kinywaji, hasa kama ilivyo Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Hatumwiti mwanafunzi kwenye mtungi wa pombe. Twamwita kwenye hoja.

Tuanze mbali kidogo, ili tupate kipimo cha kulinganishia. Huko Ulaya na Marekani, na siku hizi hata katika miji mikubwa ya Afrika, wako watu wanaokutana katika vilabu ili kuonja wiski na pombe kali nyinginezo zilizo adimu. Mwaka 1983 ilianzishwa mjini Edinburgh jumuiya iitwayo Scotch Malt Whisky Society. Chupa zake huandikwa namba badala ya jina la kiwanda, jambo linalomlazimu mwonjaji kutegemea pua na ulimi wake kuliko sifa za jina. Kinywaji hutazamwa rangi, hunuswa, hutiwa matone ya maji, kisha huonjwa kidogo kidogo. Baadaye kila mmoja hutoa maneno yake: huyu ameona ladha ya moshi, yule asali, mwingine chumvi ya bahari.

Wapo watakaocheka na kusema kuwa huo ni mchezo wa matajiri. Kicheko hicho kina sababu, lakini kisitufiche jambo la maana. Watu hao wamejijengea msamiati wa kuhukumu, na mtengenezaji ajuaye kwamba kazi yake itapimwa kwa maneno makini hatathubutu kuitia maji. Kasoro ya vilabu hivyo iko kwingine. Mara nyingi uadimu hugeuzwa kuwa thamani. Kiwanda cha Port Ellen katika kisiwa cha Islay kilifungwa mwaka 1983, na kwa miaka mingi kabla ya kufunguliwa tena mwaka 2024, chupa zake zilizosalia zilipanda bei kupita kiasi. Katika hali hiyo ni vigumu kujua kama mwonjaji anaisifu ladha au anaisifu bei.

Sasa turudi nyumbani. Wiski na pombe ya ulezi ya Wanyakyusa zina asili moja. Shayiri ya Uskoti hulowekwa, huachwa ichipue, hukaushwa na kusagwa. Kimea hicho huigeuza wanga kuwa sukari, na chachu huigeuza sukari kuwa kileo. Ulezi wa Rungwe na Kyela hupitia njia hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba wiski huendelea mbele na kukenekwa. Kileo huchemka kwenye nyuzi 78 hivi za Selsiasi, maji kwenye nyuzi 100. Basi mvuke hukingwa, ukapozwa, na kinywaji kikawekwa katika mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka mitatu, kama sheria ya Uskoti inavyotaka.

Kimpumu hakikenekwi. Kimea kilichochacha hutiwa katika chungu, maji ya moto yakamiminwa juu yake, na wanywaji wakafyonza kwa mirija. Maji huongezwa tena na tena, hivyo ladha hubadilika tangu mwanzo mkali hadi mwisho mwepesi. Kinywaji hiki hakiwezi kuwekwa miaka kumi kikingoja mnunuzi tajiri. Uadimu wake, kama upo, ni uadimu wa siku yenyewe na wa watu waliokutana siku hiyo. Hata chombo chake kina historia. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema, hufinyanga vyungu kwa mikono yao na kuvisafirisha kwa mitumbwi hadi sokoni. Mwonjaji makini hawezi kukihukumu kilichomo akaisahau kazi ya mfinyanzi.

Neno kuu la Wanyakyusa katika jambo hili ni ukwangala, yaani kufurahia kukaa pamoja na wenzi kwa mazungumzo na adabu. Mtaalamu Monica Wilson, aliyefanya utafiti wake pamoja na mumewe Godfrey kati ya miaka 1934 na 1938, alilipa neno hilo uzito mkubwa katika kitabu chake Good Company kilichotolewa mwaka 1951. Alieleza jinsi vijana wa rika moja walivyojenga kijiji chao, wakala na kunywa pamoja, na jinsi busara ilivyosemwa kuwa hupatikana katika maongezi ya watu walio sawa. Kwa mtazamo huo, mtungi ni baraza. Anayeonja naye huonjwa: mlafi hujulikana, mgomvi hujulikana, na mwenye maneno mazuri hujulikana.

Lakini mhakiki asiusifu mtungi kama mgema alivyosifiwa. Vijiji vya rika vilikuwa vya wanaume. Aliyeloweka ulezi, akausaga na kuuchemshia maji, aghalabu alikuwa mwanamke. Wilson mwenyewe aliurudia uhusiano wa wanaume na wanawake katika kitabu chake cha mwaka 1977, For Men and Elders. Yafaa tuulize: katika baraza hilo, mpishi wa pombe alikuwa na sauti gani? Ikiwa usawa uliishia kwa wanywaji, basi ukwangala ulikuwa jambo zuri lililopungukiwa. Hali kadhalika, ulezi unaogeuzwa pombe ni nafaka iliyotolewa ghalani, na ulevi umevunja nyumba nyingi. Kuutetea utamaduni si kuficha madhara yake.

Iko meza ya tatu, nayo haina uhakiki wowote. Hiyo ni meza ya gongo. Kwa muda mrefu serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kunywa pombe kali, na baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1966 ilikataza kutengeneza moshi bila leseni. Makusudi yalikuwa kulinda afya ya wananchi. Hata hivyo gongo halikwisha, lilijificha. Kinywaji kinachonywewa gizani hunywewa haraka, wala hakuna athubutuye kuuliza kimetoka kwa nani au kimetiwa nini. Hapo tembo halitiwi maji tu. Huweza kutiwa sumu.

Wengine watasema dawa ni kuondoa katazo. Kenya iliihalalisha chang'aa kwa masharti mwaka 2010, lakini mwezi wa Mei 2014 makumi ya watu walikufa nchini humo kwa pombe iliyokuwa na methanoli. Mfano huo watufunza kwamba kufungua mlango hakutoshi. Sheria yahitaji wakaguzi waaminifu, na wakaguzi wahitaji umma unaojua kutofautisha kizuri na kibaya na usioona haya kusema.

Jambo hili halihusu pombe peke yake. Mchele wa Kyela husifiwa kwa harufu yake mpaka Dar es Salaam, na Kyela ndiyo wilaya inayoongoza nchini kwa kakao. Lakini ladha ya kakao hiyo kwa sehemu kubwa hupimwa na kupewa majina katika nchi za mbali, na bei hufuata majina hayo. Mkulima asiye na maneno ya kueleza ubora wa zao lake hungoja kuambiwa lina thamani gani.

Mwalimu aweza kuanza darasani, bila tone la pombe. Wanafunzi na wakusanye kwa wazee na kwa mama zao maneno ya Kinyakyusa na ya Kiswahili yatumikayo kueleza ladha ya wali, samaki, kakao na uji wa ulezi. Kisha wayalinganishe, wayabishanie na kuyaandika. Atakayejifunza kuhukumu chakula chake kwa haki ataweza pia kuhukumu shairi, hotuba na mtungi, na mgema wa siku zijazo atajua kwamba wako watu wanaoonja.